Selman Waksman: Aliyetafuta tiba ya kifua kikuu katika udongo wa shambani

MKULIMA wa Njoro, Bahati au Subukia hahitaji mtabiri wa hali ya hewa kumwambia kwamba mvua za masika zimewadia. Matone ya kwanza yanapoangukia shamba lililokauka tangu Desemba, harufu hupanda kutoka ardhini, na kila aliyelelewa katika Bonde la Ufa huitambua hata akiwa amefumba macho.

Wengi hudhani ni harufu ya mvua, au ya vumbi lililolowa. Kwa kweli sehemu kubwa ya harufu hiyo hutengenezwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, hasa jamii ya bakteria waitwao Streptomyces, ambao hujaa katika udongo wa kila shamba, kila msitu na kila kando ya ziwa.

Ni bakteria hao hao walioipa dunia dawa ya kwanza ya antibiotiki yenye nguvu za kukabili kifua kikuu. Na mtu aliyewafuatilia kwa miaka mingi kabla ya wengine kuona maana ya kufanya hivyo alikuwa mhamiaji wa Kiyahudi kutoka Ukraine, Selman Abraham Waksman, aliyefariki mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 85.

Waksman hakuwa daktari wala hakuwahi kusimamia wodi ya hospitali. Alikuwa mtaalamu wa udongo. Njia aliyoiweka katika maabara yake ndiyo wanayoifuata hadi leo watafiti wanaochota udongo katika kasoko ya Menengai na katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Hata hivyo, sifa zake zina doa. Jina lake halitajwi siku hizi bila kuandamana na jina la mwanafunzi wake, Albert Schatz, aliyelazimika kwenda mahakamani ili atambuliwe.

Waksman alizaliwa Julai 22, 1888, katika kijiji cha Nova Pryluka, wakati huo kikiwa chini ya milki ya Urusi. Sehemu hiyo ya Ukraine inasifika kwa udongo wake mweusi wenye rutuba. Mama yake, Fradia, alikuwa mfanyabiashara mdogo wa kijijini, na ndiye aliyesisitiza kwamba mwanawe asome.

Alipokuwa mvulana, dada yake mdogo, Miriam, alifariki kwa ugonjwa wa dondakoo. Dawa ya kuzima sumu ya ugonjwa huo ilikwisha kugunduliwa Ulaya katika miaka hiyo, lakini kijijini haikufika kwa wakati. Mkenya yeyote aliyewahi kuambiwa katika zahanati kwamba dawa ipo ila haijaletwa ataelewa jinsi kifo cha namna hiyo kinavyobaki moyoni.

Milango ya vyuo vikuu vya Urusi haikuwa wazi kwa vijana wa Kiyahudi, kwani serikali ya Mfalme ilikuwa imewawekea idadi maalumu. Waksman alisoma kwa taabu, akafanya mitihani mjini Odessa kama mtahiniwa wa nje, akapata cheti chake mwaka 1910. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Bila la kumzuia tena nyumbani, kijana huyo alipanda meli akaenda Marekani.

Alipokelewa na binamu yake huko Metuchen, jimbo la New Jersey, aliyekuwa na shamba dogo la mboga na kuku. Huko ndiko alikojifunza kwa mikono yake mambo ambayo wakulima wa Molo wanayajua tangu utotoni: kwamba samadi na majani makavu yakirundikwa pamoja hupata joto, huoza, kisha hugeuka mboji, na kwamba mzoga uliozikwa hutoweka. Alitaka kujua ni nani anayefanya kazi hiyo yote chini ya ardhi.

Alikuwa na hamu ya kusomea udaktari. Aliyembadilisha mawazo ni Jacob Lipman, mhamiaji mwenzake kutoka Urusi aliyekuwa mtaalamu wa bakteria katika Chuo cha Rutgers, kilichokuwa karibu na shamba hilo. Lipman alimshauri kwamba, iwapo anataka kuelewa uhai, kilimo kingemfaa zaidi. Waksman alijiunga na Rutgers mwaka 1911 kwa ufadhili wa masomo, akahitimu mwaka 1915.

Akiwa bado mwanafunzi, alichimba mashimo katika mashamba ya chuo na kuhesabu viumbe waliokuwa katika kila tabaka la udongo. Miongoni mwa waliokua katika visahani vyake kulikuwa na kundi ambalo wenzake hawakulijali, viumbe walioshabihi kuvu kwa sababu ya nyuzi zao nyembamba lakini ambao kwa asili ni bakteria. Wataalamu huwaita aktinomaiseti. Pamoja na mwenzake, Roland Curtis, walieleza mwaka 1916 aina iliyoitwa Actinomyces griseus, kutokana na rangi yake ya kijivu.

Hakuna aliyejua wakati huo thamani ya jamaa za kiumbe huyo. Alibaki katika vitabu vya maabara kwa zaidi ya robo karne.

Mwaka huo wa 1916 Waksman alipata uraia wa Marekani na kumwoa Deborah Mitnik, binti aliyetoka sehemu moja naye huko Ukraine. Walihamia California, ambako alipata shahada ya uzamifu mwaka 1918, kisha wakarudi Rutgers. Mshahara ulikuwa mdogo kiasi kwamba ilimbidi afanye kazi ya ziada katika maabara ya kampuni ili kumudu kuitunza familia yake. Mwana wao wa pekee, Byron, alizaliwa mwaka 1919.

Miaka 20 iliyofuata ilikuwa ya kazi ya kimyakimya. Waksman aliandika kuhusu mboji, kuhusu udongo wa kinamasi, kuhusu bakteria wa baharini. Kitabu chake kikubwa cha mwaka 1927 kuhusu viumbe wadogo wa udongo kilimfanya afahamike miongoni mwa wataalamu wa kilimo, nje ya hapo hakuna aliyemjua. Endapo angefariki mwaka 1938, leo angekumbukwa na walimu wachache wa sayansi ya udongo.

Inafaa kutaja jambo moja la kipindi hicho. Katika miaka ya mwanzo ya 1930, chama cha kupambana na kifua kikuu nchini Marekani kilitaka kujua iwapo vijidudu vya ugonjwa huo vinaweza kuishi ardhini baada ya mgonjwa au mnyama kufa, na maabara ya Waksman ikapewa kazi hiyo. Vijidudu hivyo vilipowekwa katika udongo wenye uhai vilipungua na hatimaye kufa. Matokeo yalichapishwa, kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake. Jibu lilikuwa mikononi mwa Waksman miaka 10 kabla ya yeye kuelewa swali lenyewe.

Aliyemwamsha alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, Mfaransa René Dubos. Mwaka 1939 Dubos alitangaza kwamba amepata kutoka kwa bakteria wa udongo dutu inayoua vijidudu vinavyosababisha nimonia. Dutu hiyo ilikuwa na sumu kali mno kudungwa mwilini, lakini njia ilikuwa imeonekana. Vita vilikuwa vinaanza Ulaya, na huko Oxford watafiti walikuwa wakiifufua penisilini, iliyogunduliwa kutoka kwa kuvu mwaka 1928.

Waksman aliigeuza maabara yake yote. Kampuni ya dawa ya Merck ilikubali kumsaidia kwa fedha na vifaa, nayo ingepata haki ya kutengeneza chochote kitakachopatikana. Ndiye pia aliyeeneza matumizi ya neno antibiotiki kwa maana tunayoijua leo, yaani kitu kinachotengenezwa na kiumbe mdogo na chenye uwezo wa kuzuia au kuua viumbe wadogo wengine.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi kueleza na ya kuchosha kutenda. Udongo kiasi cha kijiko ulikorogwa katika maji safi, maji hayo yakazimuliwa tena na tena, kisha matone machache yakamwagwa juu ya rojo lenye virutubisho ndani ya kisahani cha kioo. Baada ya siku chache madoa ya rangi mbalimbali yalichomoza, kila doa likiwa ni ukoo mmoja wa bakteria. Mtafiti alichukua doa moja kwa ncha ya waya, akalichora mstari katika kisahani kingine, halafu akachora mistari ya vijidudu vya maradhi kuuelekea.

Mara nyingi mistari iligusana bila lolote kutokea. Mara chache sana mistari ya vijidudu vya maradhi ilikatikia njiani, ikabaki nafasi tupu kati yake na ule wa bakteria wa udongo. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Ilimaanisha kwamba kuna kitu kinachotoka kwa kiumbe wa udongo na kuenea katika rojo, na kwamba kitu hicho kinaua.

Maelfu ya bakteria walipitia mtihani huo. Mwaka 1940 Waksman na mwanafunzi wake Boyd Woodruff walipata aktinomaisini, ambayo iliua vijidudu na wanyama wa majaribio kwa pamoja. Mwaka 1942 wakapata streptothrisini. Hii ilileta matumaini makubwa kwa muda, mpaka ilipogunduliwa kwamba wanyama waliotibiwa nayo walipona kwanza kisha wakadhurika figo. Mtu mwenye haraka angekata tamaa hapo.

Albert Schatz alirejea katika maabara hiyo kiangazi cha mwaka 1943. Alikuwa na umri wa miaka 23, mtoto wa familia ya wakulima maskini, na alikuwa ameachishwa jeshi kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Alilipwa dola 40 kwa mwezi. Aliomba mwenyewe kutafuta dawa dhidi ya kijidudu cha kifua kikuu, na hilo lilimtisha Waksman, aliyehofia maambukizi. Schatz akapewa chumba cha chini ya ardhi akae huko na vijidudu vyake. Usiku mwingi alilala humo humo maabarani.

Oktoba 19, 1943, alitambua kwamba amepata bakteria wawili wa kijivu wenye nguvu alizozitafuta. Mmoja alitoka katika udongo wa shamba uliotiwa samadi nyingi. Wa pili alitoka kooni mwa kuku, katika kisahani alichopewa na mwanafunzi mwenzake. Walikuwa wa aina ile ile ambayo Waksman na Curtis waliieleza mwaka 1916, na ambayo sasa ilikuwa imepewa jina jipya la Streptomyces griseus. Dutu waliyoitoa iliitwa streptomaisini. Schatz aliziba kwa moto mdomo wa kijichupa kimoja chenye bakteria hao akampa mama yake akihifadhi. Kijichupa hicho sasa kiko katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington.

Ripoti ya kwanza ilichapishwa Januari 1944 ikiwa na majina matatu kwa mpangilio huu: Schatz, Elizabeth Bugie na Waksman. Hakuna mtu wakati huo aliyeona tatizo katika mpangilio huo.

Kutoka hapo kazi ilihamia kwa madaktari wawili wa Mayo Clinic, William Feldman na Corwin Hinshaw. Waliijaribu dawa hiyo kwa simbilisi, wanyama wadogo mfano wa sungura, waliokuwa wameambukizwa kifua kikuu. Waliodungwa walipona, wasiodungwa walikufa. Novemba 1944 dawa ikaingia kwa mara ya kwanza katika mwili wa mgonjwa wa kifua kikuu, mwanamke wa umri wa miaka 21 ambaye mapafu yake yalikuwa yameharibika vibaya. Mwanamke huyo alipona.

Ni vigumu kwa kizazi cha leo kuelewa habari hiyo ilivyopokelewa. Hadi wakati huo mgonjwa wa kifua kikuu alipewa kitanda, hewa safi na chakula, akangoja. Penisilini, pamoja na sifa zake zote, haikukifanya kitu kijidudu hicho, ambacho kina ganda zito la mafuta na hukua polepole. Streptomaisini hupenya na kuvuruga mtambo ambao bakteria hutumia kutengeneza protini zake.

Nchini Uingereza, dawa ilikuwa haba kiasi kwamba Baraza la Utafiti wa Tiba liliamua mwaka 1947 kuigawa kwa kura kati ya wagonjwa 107. Wagonjwa 55 walidungwa, 52 wakabaki na mapumziko ya kitandani pekee. Baada ya miezi sita wanne walikuwa wamefariki katika kundi la kwanza na 14 katika kundi la pili. Utaratibu huo wa kura ukawa kielelezo cha majaribio ya dawa duniani kote. Lakini uchunguzi huo ulifichua pia jambo la kuogofya. Kwa wagonjwa wengi waliodungwa, vijidudu vilikuwa vimeanza kuwa sugu. Haikupita muda madaktari wakajifunza kwamba kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja.

Mwandishi George Orwell ni mmoja wa walioipata mapema, mwaka 1948, baada ya kuagiziwa kutoka Marekani. Mwili wake uliikataa, ikabidi aache, naye akafariki Januari 1950. Wengine waliponea kwa gharama ya masikio yao, kwani dawa hiyo inaweza kuharibu uwezo wa kusikia na wa kusimama bila kuyumba.

Wakati huo jina la Waksman lilikuwa midomoni mwa watu. Barua zilimiminika kutoka kila pembe ya dunia, picha yake ikachapishwa katika jalada la jarida la Time mwaka 1949, naye akazunguka nchi mbalimbali akihutubu. Katika simulizi zake Schatz alizidi kufifia, hadi akawa mmoja tu wa wasaidizi wengi.

Suala la fedha lilikuwa zito zaidi. Hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, iliombwa mwaka 1945 kwa majina ya Waksman na Schatz. Wote wawili waliikabidhi kwa wakfu wa Rutgers kwa malipo ya dola moja kila mmoja, na Schatz aliamini kwamba hakuna kati yao angefaidika. Waksman alikuwa amefanya jambo la kusifiwa pia: aliishawishi Merck iachie haki yake ya pekee ili kampuni nyingine nazo zitengeneze dawa hiyo, na bei ikashuka. Kile ambacho Schatz hakukijua ni kwamba mwalimu wake alikuwa na mkataba wa faragha wa kupata asilimia 20 ya mrabaha. Kufikia mwaka 1950 kiasi hicho kilikuwa kimefika takriban dola 350,000.

Machi 1950 Schatz alifungua kesi dhidi ya mwalimu wake na wakfu huo. Katika ulimwengu wa sayansi ya wakati huo, mwanafunzi kumshtaki profesa wake lilikuwa jambo lisilosikika, na wengi walimgeuzia kisogo hata kabla ya kusikiliza ushahidi. Kesi ilimalizwa nje ya mahakama Desemba mwaka huo. Schatz alitambuliwa kisheria kuwa mgunduzi mwenza, akapewa asilimia tatu ya mrabaha pamoja na dola 120,000 kwa haki za nchi za nje. Fungu la Waksman lilipunguzwa hadi asilimia 10. Asilimia saba nyingine ziligawiwa watu waliofanya kazi katika maabara hiyo, hadi msafisha vyombo.

Ilidhaniwa kwamba yamekwisha. Mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa ugunduzi wa streptomaisini, na akapewa Waksman peke yake. Schatz, wakati huo akifundisha katika chuo kidogo cha kilimo huko Pennsylvania, alilalamika hadi kwa Mfalme wa Sweden. Hakusikilizwa.

Wapo wanaomtetea Waksman. Husema kwamba wazo, mbinu, maabara na miaka 25 ya subira vilikuwa vyake, na kwamba mwanafunzi yeyote mwenye bidii angelipata doa lile la kijivu mapema au baadaye. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haielezi kwa nini, katika tawasifu aliyoichapisha mwaka 1954, mtu huyo aliyekumbuka majina ya walimu wake wa kijijini hakulitaja hata mara moja jina la Schatz. Wala haimwelezi Bugie, ambaye jina lake lilikuwa katika ripoti ya kwanza lakini halikuwekwa katika hataza.

Upande mwingine wa mizani haufai kusahauliwa. Mrabaha wa streptomaisini ulijenga taasisi ya kuchunguza viumbe wadogo huko Rutgers, iliyofunguliwa mwaka 1954 na ambayo sasa ina jina la Waksman. Nusu ya fungu lililomfikia yeye binafsi aliielekeza katika wakfu wa kufadhili utafiti wa aina hiyo. Maabara yake ilitoa pia neomaisini, ambayo hata leo hupatikana katika marhamu ya vidonda. Alistaafu mwaka 1958.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia ya dawa hii, na si ya kupokea tu. Kuanzia miaka ya 1950 wagonjwa na wahudumu wa afya wa Kenya, Uganda na Tanganyika walishiriki katika majaribio makubwa yaliyotafuta namna ya kutibu kifua kikuu kwa gharama ambayo nchi maskini zingeweza kuimudu. Tiba ya wakati huo ilichukua mwaka mmoja na nusu, na wagonjwa wengi waliiacha njiani mara kikohozi kilipotulia.

Jaribio lililoanza mwaka 1970 katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia liliuliza iwapo miezi sita ingetosha. Wagonjwa waliopewa streptomaisini na isoniazidi peke yake kwa muda huo, karibu 29 kati ya kila 100 waliugua tena. Walioongezewa rifampisini, walikuwa karibu watatu tu. Rifampisini nayo ilitokana na bakteria wa udongo, uliochotwa mwaka 1957 katika msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na tiba ya miezi sita inayotolewa bila malipo katika hospitali za umma za Nakuru leo ina mizizi yake hapo.

Sindano zenyewe zilidumu muda mrefu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Kenya alijua kwamba kuanza dawa za kifua kikuu ni kudungwa kila siku kwa wiki kadhaa. Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza mpango wa kurudia matibabu uliozitegemea mwaka 2017.

Waksman alifariki Agosti 16, 1973, na kuzikwa Woods Hole, mji wa pwani katika jimbo la Massachusetts alikozoea kwenda kila kiangazi. Kaburi lake lina maneno kutoka kitabu cha nabii Isaya, kwa Kiebrania na Kiingereza, kuhusu ardhi kufunguka na kutoa wokovu. Schatz aliishi miaka 31 zaidi. Mwaka 1994 Rutgers ilimtunuku nishani yake ya heshima, na akafariki Januari 2005.

Swali la nani anastahili nini kutokana na kiumbe aliyeokotwa ardhini limefika Bonde la Ufa pia. Maziwa ya magadi ya eneo hili, ambako maji yana ukali wa kuchoma ngozi, yana bakteria wasiopatikana mahali pengi duniani. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilidai fungu la mapato ya kampuni ya Marekani ya Genencor, likisema kwamba vimeng'enya vilivyotumiwa viwandani, ikiwemo katika kuchakaza vitambaa vya jinzi, vilitokana na bakteria waliochukuliwa katika maziwa hayo bila makubaliano yanayofaa. Serikali ilitoa kanuni za kusimamia rasilimali za aina hiyo mwaka 2006. Mwaka uliofuata KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark, safari hii masharti yakiwa yameandikwa kabla ya sampuli kuondoka nchini.

Katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, watafiti wameendelea kuchota udongo nyumbani. Mwaka 2017 walichapisha matokeo ya aktinomaiseti waliowapata katika kasoko ya Menengai, katika Mbuga ya Ziwa Nakuru na katika Mbuga ya Ruma. Waliukausha udongo, wakaukoroga katika maji, wakauzimua, wakaumwaga katika visahani, wakangoja madoa yachomoze. Baadhi ya bakteria hao walizuia vijidudu vya maradhi vilivyowekwa karibu nao, ikabaki ile nafasi tupu aliyoitafuta Schatz katika chumba cha chini ya ardhi. Kutoka hapo hadi kwenye rafu ya duka la dawa ni safari ya miaka mingi na fedha nyingi, na hakuna hata mmoja wa bakteria wa Menengai aliyeimaliza bado.